Nani Ameruhusiwa Kujifunga Bendera?

Wahusika wa mjadala huu ni wanne, na wote nimewaunda mwenyewe, ila hoja zao si za kuunda. Zinasikika barazani, kwenye daladala na kwenye foleni za ofisi za serikali. Mwalimu ni mstaafu aliyefundisha somo la uraia na kuongoza skauti. Fundi anashona bendera Kariakoo. Mwanasheria ni binti wa Mombasa anayefanya kazi Dar es Salaam. Nahodha ni Mzanzibari aliyezeekea melini. Nimewakalisha kwenye kibaraza cha Fundi wiki ya kwanza ya Desemba, oda za Siku ya Uhuru, tarehe 9, zikiwa zimembana.

MWALIMU: Fundi, ile uliyoitundika mlangoni imepinduka. Kijani kinakaa juu, upande wa mlingoti. Buluu chini, upande unaopepea.

FUNDI: Kijana wangu huyo, mwalimu, msamehe. Bendera yetu ina mtego. Ukiigeuza kichwa chini, ule mkanda mweusi unabaki umelala vilevile, kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Jicho halishtuki. Ya Kenya ukiipindua, kijani kinapanda juu na kila Mkenya anapiga kelele. Ya kwetu nimeshaiona imepinduliwa mbele ya ofisi ya watu wazima kabisa, siku nzima, na waliopita chini yake walikuwa na tai.

MWALIMU: Ndiyo ninayoyalilia. Kijani ni ardhi, nyeusi ni watu, buluu ni maji, dhahabu ni madini. Mtoto wa shule ya msingi anayajua haya. Mtu mzima hayajui, halafu ndiye anayetaka aachiwe aivae kama kanga. Sheria ya Nembo za Taifa ipo tangu 1971, na haikutungwa kwa bahati mbaya. Kitu kikishikwa na kila mkono kinachakaa.

FUNDI: Mimi ndiye mwenye mkono huo, mwalimu. Unajua kazi yake? Bendera za mistari iliyolala, kama ya Kenya, kitambaa unakikata kwa kufuata uzi. Ya kwetu ina mkanda wa kwenda upande, kwa hiyo unakata mshazari, na kitambaa kilichokatwa mshazari kinanyumbuka. Ukivuta kidogo tu kwenye cherehani, dhahabu inafanya mawimbi na pembe zinakataa kukutana. Mafundi wengi siku hizi wanachapisha tu rangi juu ya kitambaa cheupe, wanamaliza. Nyuma inafifia. Mimi nashona vipande, mbele na nyuma rangi moja. Sasa mtu ananiambia nikitaka kumuuzia mwananchi wa kawaida nina kosa?

MWANASHERIA: Inategemea anakwenda kuifanyia nini, fundi. Na hapo ndipo penye tatizo. Sheria za namna hii, yenu na yetu kule Kenya, zinaandikwa kwa upana kiasi kwamba kila mtu yumo ndani. Kuitumia kwa biashara bila kibali ni kosa, kuidharau ni kosa. Kudharau ni nini? Atakayeamua ni askari aliyekukuta barabarani. Mwalimu, unisamehe, ila bendera inayolindwa hivyo ni mali ya ofisi. Mwananchi anaitazama tu.

MWALIMU: Binti yangu, umewahi kuwa karibu na kituo cha polisi saa 12 jioni? Filimbi inapigwa. Mama mwenye ndoo kichwani anasimama, bodaboda anazima injini, wanaobishana wananyamaza. Dakika moja hivi bendera inashuka, inakunjwa, filimbi ya pili, maisha yanaendelea. Hakuna aliyelipwa, na hakuna wa kumkamata yule mama. Hiyo unaiita mali ya ofisi?

Hapa nampa Mwalimu haki yake. Nimewahi kusimama hivyo mimi mwenyewe, mfuko wa nyanya mkononi, nikiwa na haraka na jambo ambalo sasa silikumbuki, na sikuona kero yoyote. Ni katika mambo machache yanayofanywa na tajiri na maskini kwa wakati mmoja, tena bila hotuba. Ila Mwalimu anachanganya mambo mawili. Heshima ya yule mama ni tabia, na tabia haikuletwa na kifungu cha adhabu.

NAHODHA: Nyie mnazungumza kama bendera ilianza na Uhuru. Pwani hii watu wamekufa kwa bendera kabla ya hapo. Muulizeni mtu wa Pangani.

MWALIMU: Abushiri.

NAHODHA: Abushiri bin Salim, ndiye. Mwezi wa nne 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia saini mkataba na kampuni ya Wajerumani. Kampuni isimamie pwani, ikusanye ushuru wa forodha, lakini kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake, ile nyekundu isiyo na kitu. Mwezi wa nane wakaja kuchukua kazi. Pangani akaja Zelewski, ndiye watu waliyemwita Nyundo. Huyo hakutaka bendera ya Sultani peke yake. Alitaka na ya kampuni ipande. Liwali akakataa. Nyundo akaita manowari, wakashuka askari wa majini, bendera ya kampuni ikapandishwa kwa bunduki. Wiki chache hazikupita, mji ukamfungia Nyundo ndani ya nyumba, na alikuja kutolewa na majeshi ya Sultani yaliyoletwa na Mwingereza, Mathews. Pwani ikawaka, Abushiri mbele.

MWANASHERIA: Ami, kwani walikuwa wanampenda Sultani kiasi hicho?

NAHODHA: Wapi! Wenyewe walikuwa na manung'uniko yao juu ya Unguja. Bendera nyekundu ilikuwa mbali, haimsumbui mtu. Ilimaanisha liwali mnayejuana naye, kadhi wenu, biashara yenu ya msafara inakwenda. Ile ya pili ilimaanisha mgeni anahesabu minazi yako na kukwambia leta hati ya shamba. Watu walisoma vizuri sana kilichoandikwa kwenye kitambaa kisicho na maandishi. Abushiri walimnyonga palepale Pangani Desemba 1889. Nyundo naye alikutana na Wahehe wa chifu Mkwawa kule Lugalo, 1891, akafia huko.

FUNDI: Kwa hiyo tatizo lilikuwa mlingoti.

NAHODHA: Tatizo lilikuwa nani anapandisha. Na Unguja 1896, Khalid bin Barghash alipojitangaza Sultani akajifungia kwenye kasri na Waingereza wakalipiga kwa mizinga, mizinga ilinyamaza bendera ya kasri ilipoanguka. Dakika 38 hivi, wanasema. Watu kama 500 wamekufa au kujeruhiwa. Waingereza hawakuwa na haja ya kuuliza nani kasalimu amri, kamba tupu ilitosha.

MWANASHERIA: Kwetu Mombasa hiyo nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus mpaka 1963. Maili kumi za pwani zilihesabiwa za Sultani, Mwingereza akizisimamia kwa mkataba wa 1895. Mtu angeweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa Mombasa chini ya bendera ya mtu aliye ng'ambo ya maji, huku anayemtoza kodi ni Mwingereza. Ndiyo maana nasema tuangalie ni nani ameishika kwa mkono wake. Mwezi Juni 2024 nilikuwa Nairobi.

MWALIMU: Nilijua tutafika huko.

MWANASHERIA: Lazima tufike, mwalimu. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi. Vijana walitoka bila chama, bila mgombea, bila fulana za mtu. Walichobeba ni simu, maji na bendera. Wamachinga walikuwa wanaziuza barabarani kama karanga. Wapo waliojifunga mabegani, waliojifunga usoni kuzuia moshi wa mabomu ya machozi, na waliozitandika chini wakakalia. Tarehe 25 wakaingia Bungeni. Kesho yake Rais akasema hatausaini mswada. Maishani mwangu nilikuwa nimezoea kuiona bendera ya Kenya kwenye boneti la gari la mkubwa. Magavana walipoingia 2013 kila mmoja aliitaka kwenye gari lake, mpaka Bunge likabadilisha sheria kuwazuia. Yaani ugomvi wa bendera ulikuwa ni wa nani ni mheshimiwa zaidi barabarani. Siku ile nikaiona kwa mara ya kwanza mgongoni mwa mtu asiye na cheo.

MWALIMU: Na sehemu ya Bunge ikashika moto. Binti yangu, bendera mgongoni haimsafishi aliyevunja mlango.

MWANASHERIA: Na iliyo mlingotini haimsafishi aliyefyatua risasi. Watu walikufa siku ile, mwalimu.

Palikuwa kimya kidogo hapo, na mimi ningependa kukaa nao kwenye kimya hicho, lakini Fundi ana wateja.

FUNDI: Mimi nina swali la kijinga. Mwanariadha akishinda, anarushiwa bendera, anajifunga begani, anakimbia nayo uwanja mzima akiloa jasho. Mkuu wa nchi anampigia simu ya pongezi. Kijana wa mtaani akijifunga hiyohiyo, anakamatwa. Kosa ni kitambaa au ni begani kwa nani?

MWALIMU: Mwanariadha ameiletea sifa.

FUNDI: Basi sheria iandike hivyo: ruhusa kwa aliyeleta medali.

MWALIMU: Unacheka, lakini nisikilize. Bendera inafaa kwa sababu haina upande. Leo anajifunga kijana anayepinga kodi, unampenda. Kesho atajifunga kijana anayewafukuza wageni Kariakoo, utampenda? Ukishaiachia barabarani huchagui wa kuishika. Mimi nataka ibaki kitu ambacho mkulima wa Newala na mvuvi wa Ukerewe wakikiona hawaulizani ni ya kina nani.

NAHODHA: Haina upande tangu lini, mwalimu? Hebu tuseme kweli. Kijani na nyeusi ile ilikuwa ya TANU. Buluu, nyeusi na kijani ilikuwa ya Afro-Shirazi. Wakazichanganya 1964, wakazilaza upande, ikawa Tanzania. Wakenya wamechukua ya KANU, wakatia ngao na mistari myeupe. Waganda rangi zao ni za UPC, pana korongo katikati. Hizi zote ni bendera za chama kilichoshinda.

MWALIMU: Ndiyo, na tukazitoa chamani tukazipa taifa. Hicho ndicho kitendo chenyewe! Mzazi wangu alikuwa na kadi ya TANU, jirani yetu hakuwa nayo, na Desemba 1961 Luteni Nyirenda alipopandisha bendera na mwenge kule Kilimanjaro, wote wawili walishangilia.

NAHODHA: Kwenu. Kwetu mambo hayakwenda hivyo. Tarehe 10 Desemba 1963 tulipata bendera ya Uhuru, nyekundu, ina duara la kijani na karafuu mbili. Tarehe 12 Januari Mapinduzi yakaiangusha. Mwezi mmoja na siku mbili. Kuna wazee mpaka leo hawaitaji kwa sauti, na kuna wengine wakisikia inatajwa wanakasirika. Nguo moja, nyumba mbili, kila moja inalia msiba wake. Halafu miaka 40 hatukuwa na yetu peke yetu, mpaka Januari 2005 tukapandisha hii ya sasa, buluu, nyeusi, kijani, na pembeni juu wameishonea ya Muungano.

FUNDI: Hiyo nikiletewa oda natoza zaidi. Ni kushona bendera ndani ya bendera.

MWALIMU: Na siku ile kuna tuliouliza, bendera ya nini tena? Mwenye bendera mbili anajiandaa kwa lipi?

NAHODHA: Mie nikuulize wewe. Ya Tanganyika iko wapi?

MWALIMU: Haipo. Tuliiweka kwenye Muungano.

NAHODHA: Sisi tuliweka vilevile, lakini tuna Baraza letu, Rais wetu, na sasa bendera yetu. Wewe ukiutafuta upande wako huoni kitambaa. Wakati wa rasimu ya Katiba mpya ya Jaji Warioba vijana wa Bara ndio walikuwa wanalalamika kwamba wao hawana pa kusimama. Kumbe bendera ya Zanzibar haikumtisha mtu kwa kuwepo kwake. Iliwakumbusha wenzetu wasichokuwa nacho.

Kwa maoni yangu Mwalimu anashindwa hapa, na anashindwa kwa hoja yake mwenyewe. Miaka yote aliogopa kwamba kitambaa cha pili kitauvunja Muungano. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu bendera ya Zanzibar ipande, imepepea kando ya ile kubwa kwenye kila sherehe ya Mapinduzi, na mizozo ya Muungano imebaki palepale ilipokuwa: mafuta, mapato, madaraka. Hakuna hata mmoja uliosababishwa na cherehani. Binti alitaka kuligusa hilo, ila Nahodha alikuwa ameshika usukani.

NAHODHA: Tena mnawaogopa wadogo. Mnajua bendera yenu inauzwa baharini?

MWALIMU: Inauzwaje?

NAHODHA: Meli ni lazima iwe na nchi. Nchi unayoisajili ndiyo bendera unayopeperusha, na sheria zake ndizo zinazokufuata kwenye maji ya wote. Kwa hiyo nchi nyingine zinafungua daftari kwa mtu yeyote mwenye ada. Panama ni miongoni mwa kubwa zao. Sisi nasi tuna daftari Zanzibar kwa meli za nje. Mwaka 2012 ikabainika meli 36 za mafuta za Iran, wakati Iran imewekewa vikwazo, zinatembea na bendera ya Tanzania, zimesajiliwa kupitia wakala aliyeko Dubai. Serikali ikaja juu, zikafutwa. Januari 2018 tena, meli mbili: moja imekamatwa na dawa za kulevya, nyingine na vilipuzi katika bahari ya Ugiriki. Bendera nyuma ni ile ile unayoipigia filimbi saa 12 jioni. Mabaharia wa meli hizo hata mmoja si lazima awe amewahi kufika Tanga.

MWANASHERIA: Mwalimu, hiyo ndiyo dharau ninayoijua mimi. Kijana wa Manzese akiichora kwenye fulana tunamwita kituoni aeleze. Aliyeibeba kwenye shehena ya vilipuzi alilipa ada akapewa risiti.

MWALIMU: Hilo silitetei. Nani atalitetea? Ila umeona kwamba lilipojulikana serikali ililifuta. Kwa sheria. Usinipore sheria halafu unipe mfano unaonyesha sheria inafanya kazi.

Hoja nzuri hiyo, na Mwanasheria aliipokea kwa kuangalia simu.

FUNDI: Sasa niseme mimi, nina moto wa pasi ndani. Mnajua zinazonilisha ni zipi? Si hizi kubwa. Ni za vyama na vile vibendera vya kamba. Mwaka wa uchaguzi nashona kijani na njano mpaka macho yanauma, jembe na nyundo, jembe na nyundo. Akija wa CHADEMA nashona, akija wa ACT nashona zambarau. Kuna kijiwe cha bodaboda kina milingoti mitatu na pikipiki nne. Hizo ndizo zilizojaa mitaani, kila tawi, kila mwembe. Ya taifa inakaa kwenye ofisi peke yake. Mgeni akishuka leo akaangalia juu atadhani nchi hii ni ya jembe na nyundo.

MWANASHERIA: Haswa. Ukimzuia mtu asiitundike ya taifa nyumbani kwake, atatundika ya chama. Mlingoti haukai mtupu.

MWALIMU: Hilo... hilo nitalifikiria.

FUNDI: Na vibendera vya karatasi je? Mgeni wa kitaifa akija, wanafunzi wanatolewa darasani, wanapangwa barabarani toka asubuhi, kila mmoja na kibendera cha kijiti. Msafara unapita kwa sekunde 40. Jioni barabara nzima kijani na buluu, magari yanavikanyaga, vingine vimeziba mtaro. Ni serikali ndiyo imevinunua. Nilishinda tenda ya vibendera hivyo mara moja, nikaenda kuangalia kazi yangu siku ya pili, nikajuta kuangalia.

MWALIMU: Mimi nilikuwa nawaambia skauti wangu wavikusanye. Kila kimoja. Tunavichoma shimoni, kimya, hatuvitupi.

FUNDI: Skauti wako walikuwa wangapi, mwalimu?

NAHODHA: Acha karatasi. Tazama ile ya ofisi ya kata, pale kona. Kijani kimekuwa kama maji ya mchele. Pindo limechanika mpaka kwenye mkanda mweusi. Melini bendera ya nyuma ikiwa hivyo, nahodha anaaibika bandarini kabla hata forodha hawajapanda. Hapo nani ashtakiwe?

FUNDI: Jua la pwani na chumvi vinakula kitambaa, miezi michache tu. Afisa wao alikuja kuulizia bei mwaka jana. Nikamtajia. Akasema hakuna fungu, atarudi. Kwenye bajeti kuna fungu la mapambo ya sherehe, la bendera ya ofisi hakuna.

MWANASHERIA: Kwa hiyo mwalimu, kwa sheria yako ya 1971, yule mtendaji wa kata yuko salama, na fundi akimuuzia jirani bendera mpya safi aitundike dirishani, fundi yuko hatarini.

MWALIMU: Usiniwekee maneno mdomoni. Aliyeiacha ichanike vile ameikosea heshima kuliko huyo jirani. Nasema hivyo na nimevaa skafu ya skauti miaka yote. Lakini dawa yake si kuifanya ya kila mtu. Dawa ni kuwabana walioaminiwa. Nitaandika barua halmashauri, leo hii.

MWANASHERIA: Na jirani?

MWALIMU: Jirani aitundike tarehe 9. Siku moja. Ikishuka jua aiteremshe, aikunje vizuri. Sitaki kuiona inakauka na taulo pembeni.

MWANASHERIA: Siku moja tu, mwalimu? Na zile 364?

MWALIMU: Tuanze na moja.

NAHODHA: Huyu ndiyo kasogea, mwanangu. Usimsukume, atarudi nyuma.

FUNDI: Mwalimu, barua hiyo ukiiandika weka na vipimo. Futi sita kwa nne, tetroni, ya kushona si ya kuchapa, na pindo la upande unaopepea mishono minne. Usipoandika watanunua satini kwa sababu inang'aa, na satini kwa upepo huu haimalizi masika.